Shahada Haipigi Kura

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya wanawake, Kisumu. Imeandikwa kutokana na rekodi. Salamu za itifaki zimefupishwa.)

Oyawore. Mulembe. Bwakire. Hamjambo nyote?

Mwenyekiti, mama zangu wa Kibuye, dada zangu mliotoka Busia, Vihiga na Homa Bay, na ninyi mlioamka usiku wa manane kupanda matatu kutoka Nakuru, asanteni kwa kufika. Na wazee watatu mnaojificha pale karibu na mlango, karibuni mbele, hatuumi. Itifaki izingatiwe, maana nikianza kumtaja kila mheshimiwa chakula kitapoa.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie safari ya mwanamke mwanauchumi kutoka asasi za kiraia hadi uongozi wa kitaifa. Nadhani aliyeiandika alitaka nijizungumzie mwenyewe, kwa sababu tetesi za uchaguzi wa 2027 zimeshaanza kupikwa. Nitawakatisha tamaa. Mimi bado ni mtu wa shirika, kazi yangu ni kusoma bajeti za kaunti na kuwasumbua watu kwa maswali. Leo nataka tumtazame mwanamke aliyefika kileleni, na zaidi tutazame mwaka alioshindwa.

Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia mnamjua kwa picha, mama wa kilemba. Alizaliwa Monrovia mwaka 1938. Akaolewa akiwa na miaka 17, akazaa wavulana wanne, akaenda na mumewe Marekani kusoma. Ndoa ile ilikuwa ya kipigo, akaiacha, akaendelea na vitabu hadi akapata shahada ya uzamili ya usimamizi wa umma pale Harvard mwaka 1971. Alirudi kwao akaingia wizara ya fedha, akapanda ngazi.

Sasa sikilizeni habari ya mchele. Mwaka 1979 serikali ya Liberia ilitaka bei ya gunia la ratili 100 ipande kutoka dola 22 hadi dola 26. Tarehe 14 Aprili watu wakamiminika barabarani, risasi zikapigwa, makumi wakafa. Miezi michache baadaye Sirleaf akafanywa waziri wa fedha. Hebu fikirieni kukabidhiwa ofisi ile wakati ule. Aprili ya mwaka uliofuata Samuel Doe akapindua serikali, Rais Tolbert akauawa, na wakubwa 13 wakafungwa kwenye miti ufukweni wakapigwa risasi kamera zikitazama. Mawaziri walioachwa hai walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sirleaf alikuwa mmoja wao.

Vijana waliokaa huku kulia wanaielewa hadithi ya mchele bila kuelezwa. Sisi tulikuwa na mkate. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja na pendekezo la kodi ya asilimia 16 kwa mkate. Wabunge wakauondoa mkate kabla ya kura, lakini moto ulikuwa umeshashika, na tarehe 26 Juni, siku moja baada ya vijana kupigwa risasi nje ya Bunge, Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mtu akiwaambia uchumi ni somo la wataalamu, mkumbusheni mchele na mkate.

Baada ya mapinduzi Sirleaf alikuja kuishi Nairobi. Ndiyo, hapa hapa kwetu, akifanya kazi ya benki ya Citibank katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980. Mwaka 1985 alitoa hotuba Marekani akawaita watawala wa nchi yake wajinga. Aliporudi nyumbani akahukumiwa kifungo cha miaka kumi, kelele za dunia zikamtoa mapema. Akagombea useneta, akashinda, akakataa kukalia kiti kwa sababu uchaguzi wenyewe ulikuwa wa wizi. Akafungwa tena. Akakimbia. Kuanzia 1992 alikuwa New York, mkuu wa idara ya Afrika katika shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Mwanamke huyo, na wasifu wote huo, akagombea urais mwaka 1997. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Charles Taylor, mbabe wa vita. Taylor alipata kama asilimia 75. Sirleaf akapata kama asilimia 10.

Nimeona baadhi yenu mmeshika vichwa.

Kuna maelezo ya hofu, na ni ya kweli: wengi walimpigia Taylor kwa kuamini kwamba akishindwa atarudi msituni na bunduki zake. Lakini hofu peke yake haitoshi kueleza asilimia 10. Sirleaf alikuwa nje ya nchi zaidi ya miaka kumi, isipokuwa kuja na kuondoka. Mama muuza pilipili wa Monrovia alimsikia redioni kama tunavyowasikia wakubwa wa Benki ya Dunia. Alijua kwamba ni msomi. Hakujua kama ni wake.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi wa mashirika tunapojikwaa kila uchaguzi. Nimewaona wanawake hodari, wana shahada mbili mbili, wameongoza miradi mikubwa, wamehutubia Geneva. Wanarudi nyumbani miezi sita kabla ya kura wakiwa na mabango. Wanashindwa na mtu ambaye hajui tofauti ya nakisi na nakshi, lakini amezika na watu wake miaka ishirini. Tunasema wananchi hawajaelimika. Mimi nasema wananchi wamefanya hesabu zao.

Tazameni tunavyofanya kazi. Kwenye shirika, bosi wangu ni mfadhili. Namaliza warsha Siaya, naandika ripoti ya robo mwaka kwa Kiingereza, naituma Ulaya, na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kondele ananijibu kwamba nimefanya vizuri. Mama aliyekaa kwenye ile warsha hanijibu chochote, hana pa kunijibia. Alisaini karatasi ya posho, akaenda zake. Ukizoea kuwajibika kwa anayekulipa, halafu siku moja ukataka kura ya yule ambaye hujawahi kuwajibika kwake, lazima kuwe na mshangao.

Sirleaf alifanya nini kati ya 1997 na 2005? Alianzisha shirika dogo la maendeleo vijijini huko Liberia, linaitwa Measuagoon, na kazi yake ilikuwa mashinani. Baada ya vita kuisha akasimamia tume ya mageuzi ya utawala. Lakini kilichobadilisha mambo hakikutoka kwake. Kilitoka kwa wanawake waliovaa nyeupe mwaka 2003, wakakaa juani karibu na soko la samaki siku baada ya siku wakidai amani, Wakristo na Waislamu pamoja, mbele yao Leymah Gbowee. Walipoona mazungumzo ya amani kule Ghana yanageuka likizo ya wababe wa vita hotelini, wakaenda wakakaa mlangoni pa ukumbi wakashikana mikono. Hakuna kutoka mpaka mkubaliane. Taylor aliondoka Liberia Agosti ya mwaka ule ule.

Wanawake hao hawakurudi nyumbani kulala. Uchaguzi wa 2005 ulipokaribia waliingia sokoni kuwahimiza wanawake wajiandikishe kupiga kura. Mama akisema hawezi kuacha meza yake, mwingine anamshikia meza. Akisema ana mtoto, mwingine anabeba mtoto. Mkitaka kujua kampeni ni nini, ni hiyo: kumshikia mtu meza yake.

Duru ya kwanza ilikuwa na wagombea 22. George Weah, nyota wa kandanda, akaongoza kwa asilimia 28, Sirleaf akamfuata kwa karibu 20. Duru ya pili, Novemba, Sirleaf akapata asilimia 59. Januari 2006 akaapishwa, mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa kuwa rais. Shahada ni zile zile alizokuwa nazo alipopata asilimia 10.

Msije mkaondoka hapa mkisema nimedharau elimu. Elimu ilifanya kazi yake baada ya kura. Liberia ilikuwa imezama kwenye madeni kiasi cha kutisha, na kufikia 2010 zaidi ya dola bilioni 4 zilikuwa zimefutwa. Kazi ile ilitaka mtu anayejua mkopeshaji anaongea lugha gani, na yeye alikuwa amekaa upande wa mkopeshaji. Ila hakuna mkopeshaji aliyempigia kura.

Sasa turudi huku ziwani.

Tulikuwa tunafuatilia bajeti katika soko moja la magharibi, sitataja kaunti. Ripoti ya mapato ilisema soko lile linaingiza pesa kidogo mno, kwa hiyo hakuna fedha za kutengeneza paa wala kufungua choo, choo kilichokuwa kimejengwa, kikapakwa rangi, kikafungwa kwa kufuli. Nikawa nawaeleza akina mama mambo ya vyanzo vya mapato. Mama mmoja muuza omena akanikatiza, akainua gunia, akatoa mkebe wa Kimbo. Ndani mlikuwa na risiti za kanjo, za ushuru wa soko, zimefungwa kwa mipira mwezi kwa mwezi. Akasema hajawahi kutupa hata moja tangu siku alipolipishwa mara mbili.

Tukaketi tukajumlisha. Zake, za jirani yake, za safu nzima ya omena. Wengine walikuwa wamezifunga kwenye pembe ya leso, nyingine zimeingia jasho hadi wino umefifia, hizo tukaziweka kando. Ikafuata safu ya nyanya, kisha mitumba. Tulipomaliza, safu tatu peke yake zilikuwa zimelipa kuliko kiasi ambacho ripoti ilisema soko zima limelipa.

Mimi nikawaza ripoti yangu. Yule mama akawaza mkutano. Alichukua ile karatasi mpaka kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti, akaisoma kwa Kiluo na kwa Kiswahili mwakilishi wadi akiwa amekaa mbele yake, akauliza zingine zimekwenda wapi. Choo kilifunguliwa wiki ile. Pesa mpaka leo zinatafutwa.

Nawauliza: katika sisi wawili, nani alikuwa mwanauchumi, na nani alikuwa mbeba kikokotoo? Na kama mmoja wetu angegombea udiwani wa pale, mngempa nani?

Lakini pia kuna mahali shirika linafika mwisho wa kamba, na hapo ndipo ninapowaelewa wanaovuka kwenda siasani. Chukueni jaboya. Tunaijua, tusifiche macho. Mama anataka omena, mvuvi anataka mwili kwanza. Tumefanya semina za jaboya huku ufukweni miaka nenda miaka rudi, tumegawa fulana, tumegawa mipira ya kondomu. Mwenye boti bado ndiye anayepanga masharti, kwa sababu boti ni mtaji, na mtaji hauji kwa semina. Pale ambapo wanawake wamepata boti zao wenyewe, mazungumzo ya alfajiri yalibadilika, mvuvi akawa mwajiriwa. Sasa nani anaamua mikopo ya boti iende kwa nani? Nani anaamua kama Hazina ya Wanawake, iliyoanza mwaka 2007, itamfikia mama wa ufuo au itaishia kwenye kikundi cha shemeji wa mkubwa? Nani anahakikisha ile asilimia 30 ya zabuni za serikali inayotengewa wanawake, vijana na walemavu haichukuliwi na mwanamume aliyesajili kampuni kwa jina la mkewe? Maswali haya hujibiwa na aliyechaguliwa. Shirika hubaki kuandika barua.

Kwa hiyo vukeni. Ila mjue bei.

Tume ya uchaguzi, IEBC, haina shida. Mwaka 2022 ada ya kugombea ubunge ilikuwa shilingi 20,000, na mwanamke alilipa nusu, 10,000. Kwa udiwani mwanamke alilipa 2,500. Gharama kamili hazimo kwenye gazeti la serikali. Zimo kwenye mafuta ya magari, mawakala wa kila kituo, chai ya vijana wa boda boda, harambee, na mazishi, mazishi, mazishi. Na katika ukanda huu wetu kura yenyewe mara nyingi huwa imekwisha kwenye mchujo wa chama kabla Agosti haijafika. Huko ndiko mwanamke hukatwa, usiku, kwenye chumba cha hoteli asichoalikwa. Asipokatwa kwa pesa, anaulizwa ameolewa wapi. Akiwa ameolewa hapa, anaambiwa arudi kwao alikozaliwa. Akienda kwao, anaambiwa ana kwake alikoolewa. Akiwa hajaolewa, sitasema anaitwaje mbele ya wazee.

Na bado wamepita. Mji huu wa Kisumu ulimpa Grace Onyango umeya miaka ya 1960, wa kwanza mwanamke Kenya nzima, na mwaka 1969 ukampeleka Bungeni, tena mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge. Alikuwa mwalimu. Phoebe Asiyo, kule Karachuonyo, aliongoza Maendeleo ya Wanawake kabla ya Uhuru, shirika la akina mama wa vijijini, akaja kuwa mbunge, na mwaka 1997 akapeleka hoja Bungeni ya kuwatengea wanawake viti. Wanaume waliicheka na kuiangusha. Miaka 13 baadaye Katiba ya 2010 ikaja na viti 47 vya wawakilishi wa kike na ile kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili, ambayo Bunge mpaka leo limegoma kuitungia sheria, hata baada ya Jaji Mkuu Maraga, mwaka 2020, kumshauri Rais alivunje.

Watu wa Nakuru wanatabasamu, wanajua nawafikia. Mwaka 2022 Nakuru ilichagua gavana mwanamke na seneta mwanamke siku moja, na kati ya maeneo bunge 11, manne yakachagua wanawake: Naivasha, Gilgil, Njoro na Bahati. Nchi nzima magavana wanawake walikuwa saba kati ya 47. Sisemi wa Nakuru ni malaika kuliko sisi. Nasema tusiambiwe tena kwamba mpiga kura wa Kenya hamtaki mwanamke. Mpiga kura wa Nakuru hakuonekana kuwa na tatizo hilo.

Nimebakisha jambo moja, na ndilo gumu.

Sirleaf akiwa ikulu aliwapa wanawe vyeo. Mmoja aliongoza shirika la mafuta la taifa, mwingine akawa naibu gavana wa benki kuu. Na tume ya ukweli na maridhiano ilikuwa imesema mwaka 2009 kwamba azuiwe kushika ofisi ya umma kwa miaka 30, kwa sababu hapo mwanzoni aliwahi kumuunga mkono Taylor. Oktoba 2011 yeye na Gbowee wakashinda Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja, na Tawakkol Karman wa Yemen. Gbowee alikuwa ameteuliwa kuongoza mpango wa maridhiano wa serikali. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2012, akajiuzulu, akasema hadharani kwamba rais anapendelea familia yake na maskini wa Liberia wanazidi kuwa maskini. Mwanamke wa nyeupe akamwambia mwanamke wa kilemba ukweli, mchana kweupe, baada ya kushiriki naye tuzo.

Mimi nampenda Gbowee kwa siku ile kuliko kwa siku ya Nobel.

Na jirani yetu Tanzania, Samia Suluhu Hassan, naye alisomea uchumi Manchester, akaongoza muungano wa mashirika yasiyo ya kiserikali kule Zanzibar kabla ya kuingia Baraza la Wawakilishi kwa kiti maalumu mwaka 2000. Njia ile ile tunayoisifu hapa. Oktoba 2025 mtandao ulizimwa siku ya kura, watu waliuawa barabarani, na matokeo yakatangazwa kwamba amepata karibu asilimia 98. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mtu aliyepita kwenye shirika amechanjwa dhidi ya madaraka. Hajachanjwa. Wala mwanamke hajachanjwa.

Ndiyo maana nasema tusivuke sote. Kikundi kikimtoa mtu kwenda kugombea, siku hiyo hiyo kimteue wa kubaki na mkebe wa risiti, na awe mtu asiyemwogopa aliyekwenda. Ikiwezekana awe shemeji yake mkorofi. Mkifanya sherehe ya ushindi bila kumteua huyo, mmempoteza mgombea wenu.

Kuhusu lini tuanze, sheria imeshatupangia. Mpango wa maendeleo wa kaunti huwekwa mezani mwanzo wa Septemba. Karatasi ya mkakati wa fedha hupelekwa bunge la kaunti kabla ya Februari kwisha. Makadirio yenyewe, tarehe 30 Aprili. Bajeti lazima ipite kabla ya Juni 30. Katika kila hatua wanatakiwa wawaite mtoe maoni, na wataweka tangazo kwenye gazeti ambalo hamnunui, kwa mkutano wa saa nne asubuhi wakati soko limejaa. Nendeni hivyo hivyo. Pangeni zamu, wawili waende, wengine wawashikie meza. Ulizeni ukurasa wa masoko. Ulizeni mwaka jana kilitengwa nini, na kilitumika nini. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinatoka kila robo mwaka, ziko wazi kwa umma, na walioteuliwa rasmi kushika ofisi hiyo tangu ilipoanzishwa ni wanawake, kwanza Agnes Odhiambo, kisha Margaret Nyakang'o. Mwanamke mwenzenu amewaandikia, someni.

Atakayehudhuria vikao hivyo kuanzia sasa, akawasomea wenzake, akarudi kuuliza tena walipompuuza, huyo 2027 hatahitaji mimi nimwandikie wasifu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mpeni kipaza sauti yule mama wa nyuma mwenye kitambaa cha kijani, amekuwa akiinua mkono tangu nilipowataja wana wa Sirleaf, na nahisi ana mtu wa karibu zaidi anayetaka kumtaja.